Siku Tuliyoipa Mashine Pumzi

Nakumbuka siku niliyoshangiliwa kwa kosa, mwanangu. Nilikuwa fundi kijana huku Lubunga, ng'ambo ya mto, kwenye treni za mvuke zilizokwenda Ubundu kwa moto wa kuni. Mashine yetu ilikuwa imekwama kilimani mara mbili, na mkubwa wa karakana alikwisha sema: ikikwama tena, inakatwa vyuma chakavu, na dereva wake, Papa Bosongo, anarudi nyumbani.

Mimi mjuaji nikaitafutia dawa. Mvuke ukishasukuma pistoni hutokea kwenye mdomo mdogo chini ya bomba la moshi. Ukiruka juu huvuta moshi, na moto huwaka. Basi nikaubana ule mdomo ili mvuke uruke kwa nguvu zaidi, bila kumuuliza mtu. Loo! Tulipoijaribu, ilinguruma hadi wauza samaki wa stesheni wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Lakini kwa mabehewa mawili matupu tu ilihema na kusimama. Debe tupu haliachi kuvuma.

Papa Bosongo alishuka polepole.

"Mutoto, unafurahi eti inaimba? Ulifunga yeye koo! Mvuke inakosa njia, inarudi kusukuma pistoni nyuma."

Niliona aibu, nakuambia kweli. "Alors, tufanye nini, papa?"

"Tufungue. Lakini moto nayo ivutwe."

Siku tatu tulikata na kuchomelea. Badala ya mdomo mmoja tukaweka minne midogo, ambayo kwa pamoja ilikuwa mipana kuliko ule wa kwanza, mvuke upite bila kubanwa na bado uvute moshi. Nilipotaka kukadiria kwa jicho, mzee alinipiga kofi mkononi, akaning'iniza uzi wenye nati toka juu ya bomba mpaka tukapata katikati sawasawa.

Tukapanda kilima na mabehewa tisa ya mchele. Sauti ilikuwa ndogo mno, nikadhani inakufa. Kumbe mshale wa kipimo cha mvuke haukushuka hata kidogo! Tulipofika juu Papa Bosongo alivuta filimbi bila kuiachia, akipiga kelele, "Imepita! Mama yangu, imepita!" Nililia kwa furaha. Juma lile lile mkubwa aliagiza mashine zote zifanyiwe hivyo hivyo, na Papa Bosongo akaiendesha ile yake mpaka uzeeni.

Basi, mwanangu, makofi yasikudanganye. Tazama kama kazi inakwenda. Kabla hujaongeza nguvu, angalia kilichoiziba. Na aliyeishi na mashine, muulize kwanza. Kuuliza si ujinga. Mungu aibariki mikono yako, akupe ushindi utakaokutoa machozi, na moyo wa kukiri ulipokosea.