Sauti Iliyobaki Mwisho wa Kaseti ya Rap

Nilikuwa nasikiliza kipindi cha rap cha redio, cha ile miaka ya suruali za kuburuta chini, wakati mwanamke mmoja aliingilia kati na kuniambia niwape mbuzi chumvi.

Sitanii.

Mtangazaji alikuwa ameshaaga. Biti ikakatika. Ukabaki ule mvumo wa kaseti inayozunguka bila kitu. Nikanyoosha mkono nizime.

"...na hao mbuzi wapewe chumvi, Ismahan. Usingoje baba yako Gabow akumbuke. Mtu akishafika soko la Tulia, nyumbani anasahau."

Mkono wangu ulibaki hewani.

Naitwa Nyamai. Nauza spea za pikipiki hapa Kitui mjini. Lakini ukiingia chumba changu cha nyuma utafikiri umevuka kwa duka la jirani. Kaseti ukuta mzima. Vipindi vya rap vilivyorekodiwa na watu waliokaa na kidole juu ya kitufe cha pause, wakingoja tangazo la sabuni lipite. Mixtape za nyumbani zenye jina la mwenyewe kwa peni nyekundu. Singo za vikundi vya huku kwetu vilivyoingia studio mara moja, vikauza kopi chache, vikapotea.

Kuzitunza nilijifunza mwenyewe, polepole. Kusafisha kichwa cha deki, mashine ya kuchezea kaseti, kwa pamba na spiriti. Kufungua kaseti iliyokwama bila kuipasua. Mimi si mtu wa haraka.

Hiyo ya mbuzi ilikuwa dhahabu yangu. Ndani yake kulikuwa na wimbo wa Mawe Matatu, vijana wa Kitui waliochana kwa Kikamba. Grupu letu la WhatsApp la wakusanyaji liliutafuta kama dawa.

Niliinunua kwa Mutie wa Malili. Sisi wote wa grupu tunanunua kwa Mutie. Hadithi yake ni kwamba anazunguka vijijini, anatoa kaseti kwa maboma ya wazee, na anaziokoa zisiliwe na panya.

Sasa, kama hujui kaseti, elewa kitu kimoja. Ukirekodi juu ya kitu cha zamani, sauti mpya inafuta ile ya zamani pale tu inapopita. Mpya ikiisha kabla ya utepe kuisha, ya zamani inaendelea kuongea. Kama vile haikuwahi kunyamaza.

Sikumhukumu mtu. Ile miaka, nani hakufuta kaseti ya kwaya ya mama yake arekodi rap? Ulikuwa unaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vinavyozuia kurekodi, unaomba Mungu, unarekodi.

Nikarudisha nyuma kidogo, nisikilize tena.

Hapo ndipo nilisikia kitu kingine. Mtangazaji anaaga, na chini ya sauti yake, mbali kidogo, kitu kinalia.

Ting.

Nikarudisha. Ting.

Ni meseji ya WhatsApp. Kwenye kipindi cha redio cha zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Basi hicho kipindi kilirekodiwa juzi tu, juu ya sauti ya yule mama.

*

Kesho yake nilipakia kideki changu kidogo kwa begi, nikawasha pikipiki, nikaenda Tulia. Nikauliza sokoni kama kuna Gabow wa mbuzi.

"Gabow alishakufa," mama muuza ndengu akaniambia. "Lakini binti yake ndio huyo, duka la rangi ya samawati."

Nilimkuta akipimia mtu sukari. Mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, hijabu nyeusi, macho ya mtu asiyedanganywa kwa mizani.

"Wewe ni Ismahan?"

"Inategemea nani anauliza. Kama ni wa leseni, Ismahan ametoka."

"Si wa leseni. Nimeleta sauti. Sijui kama ni yako."

Niliweka deki juu ya kaunta, kati ya unga na viberiti. Nikabonyeza.

Mbuzi. Chumvi. Gabow.

Sukari ilimwagika yote. Hakuiangalia.

"Ulitoa wapi mama yangu?" akauliza.

Hakusema kaseti. Alisema mama yangu.

Akanieleza huku anafagia ile sukari kwa mkono. Mama yake, Abdiya, alienda Uarabuni kufanya kazi za nyumba wakati Ismahan alikuwa mdogo na dada yake Sabrin alikuwa bado ananyonya. Simu haikuwako, na Abdiya hakujua kuandika. Kwa hivyo alikuwa anaongea kwa kaseti na kumpatia mtu anayerudi Kenya. Kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho watoto walikuwa wanazungumza hapa Tulia.

"Alifia huko. Akazikwa huko. Hatuna kaburi, hatuna hata picha ya maana. Tulikuwa na katoni ya kaseti."

"Ziko wapi?"

"Kuna jamaa wa Malili alipita na spika, anasema anahamisha kaseti za zamani kwa flash. Mutie. Nikampa zote. Akakaa wiki kadhaa, akarudi mikono mitupu, na sura ya matanga. Eti ukungu umezikula. Eti amezitupa mwenyewe, nisiumie nikiziona. Nilimshukuru. Nilimpikia pilau."

Nikainama, nikamsaidia kukusanya sukari.

"Kuna kaseti moja," akaendelea. "Mama alikuwa anamwimbia Sabrin alale. Maneno nimesahau. Sauti yenyewe naikaribia, halafu inatoroka. Sasa Sabrin ana mtoto, kila siku ananiuliza mama alikuwa anaimbaje. Hiyo tu. Zingine zikipotea, sawa. Nitafutie huo wimbo, kaka yangu."

*

Mutie nilimkuta Malili, chumba cha nyuma ya hardware. Deki mbili, laptop inayovuta vipindi vya zamani mtandaoni, na simu yake kando, ikilia ting kila mara. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria ya majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa kama lami. Alikuwa anachovya lebo mpya za karatasi humo, moja moja, zizeeke.

"Buda Nyamai! Karibu. Kaa hapo, usikalie wasanii," akasema, akiondoa kaseti kwenye kiti.

"Mutie, kaseti unatoa wapi?"

Aliniangalia, akaona begi langu, akaelewa. Hata hakukasirika. Alicheka.

"Sasa ulitaka nitoe wapi? Watu wanataka kaseti iliyozeeka kihalali. Kiwanda cha kaseti zilizozeeka sijui kiko wapi."

"Ni sauti za watu, Mutie."

"Sauti gani? Hao wamama wanaongea mvua na mbuzi, mbuzi na mvua. Mbona unalia kama kuku ameona mwewe?"

"Kwa hivyo ulisikiliza kabla ya kufuta."

"Lazima nisikilize. Nitajuaje kama tape inacheza?"

Alisema hivyo akiwa anakoroga. Kisha akachukua kikombe, akachota kutoka kwa ile sufuria ya lebo, akanywa. Akafuta mdomo.

"Nikuwekee?"

Nilihisi mate ya kutapika yanajaa chini ya ulimi.

Nikamuuliza kuhusu kaseti yenye mwanamke anaimba. Akafikiria, kama mtu anayekumbuka alipoweka spana.

"Hiyo ilikuwa safi. Ilienda kwa Khalid wa mji wa Wote. Mwisho sikufuta, nyinyi huwa hamfiki huko. Mnapiga picha lebo, mnasikiliza wimbo mmoja, mnaweka kwa kioo. Usinilaumu mimi, buda. Nyinyi ndio soko."

*

Khalid ndiye admin wa grupu. Mtu wa heshima mjini Wote, shati la pasi, maneno ya pole. Nilikuwa na imani naye. Nikaandika kwa grupu, bila matusi: wandugu, kaseti za Mutie ni feki, lakini mwisho wake kuna sauti za marehemu za watu. Tafadhali kila mtu asikilize zake mpaka mwisho, turudishe.

Kila mtu alisoma. Hakuna aliyejibu.

Halafu simu ikalia.

"Ndugu Nyamai," Khalid akaanza, "hiyo meseji ungeniuliza kwanza. Tuna maonyesho Jumamosi. Kuna wageni wa Nairobi wanakuja kununua. Unataka wote waone tunauza takataka?"

"Khalid, kaseti yako moja ina sauti ya marehemu, mama wa dada mmoja wa Tulia. Anaimba."

"Najua."

Nilifikiri sikusikia vizuri. "Unajua?"

"Sote tunajua, ndugu yangu. Tangu mwaka jana. Ulifikiri ni wewe peke yako una masikio? Kila mtu alitafuta njia yake ya kuficha, kaseti isipoteze bei. Wengine wamefuta kwa sumaku. Mimi nilikata kwa makasi."

"Kile kipande kiko wapi?"

"Nilichoma. Na usijaribu, zinanuka vibaya sana zikiungua."

Nilipoangalia simu tena, nilikuwa nimeondolewa kwa grupu.

Nataka mnielewe. Mutie alinichukiza, lakini Mutie ni mwizi, na mwizi anajulikana. Hawa ni watu walioandika machozi kwa grupu kuhusu "kuhifadhi sauti zetu." Watu niliowaita wandugu. Walisikia mama anamlaza mtoto, wakaenda kutafuta makasi.

*

Nilimwambia Ismahan ukweli wote. Nilitarajia alie. Akauliza tu:

"Huyo Khalid alisikiliza kabla ya kukata?"

"Alisikiliza."

"Basi Jumamosi nipeleke Wote."

Ukumbi ulikuwa umependeza. Kaseti chini ya vioo, taa ndogo juu ya kila moja, rap ikipigwa pole pole. Wageni wameinama wakisoma zile lebo za chai. Khalid alikuwa katikati, koti la kijivu, marashi yanamtangulia.

Ismahan alimwendea moja kwa moja.

"Assalamu alaikum."

"Waalaikum salaam, dada. Karibu sana."

"Mimi ni binti ya Abdiya. Yule uliyemkata kwa makasi."

Watu wa karibu waligeuka. Khalid akaniona nyuma yake, uso ukambadilika.

"Dada, hapa si mahali pa..."

"Sikuja kugombana. Sikuja kudai kitu. Wewe ndiye mtu wa mwisho duniani aliyemsikia mama yangu akiimba." Alitoa simu, akabonyeza kurekodi, akaiweka juu ya kioo. "Niimbie."

"Nini?"

"Niimbie ule wimbo."

"Mimi si mwimbaji, dada."

"Naye hakuwa."

Mtu wa mitambo alizima rap. Sijui alitumwa na nani. Khalid aliangalia mlango. Aliangalia wageni wake. Akalamba midomo. Halafu, kwa sauti ya chini, yenye mikwaruzo, akaanza:

"Mbuzi amelala, kengele imelala,
wewe unangoja nani..."

Akasimama. "Kulikuwa na mstari mwingine."

"Ukumbuke."

Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Alifunga macho.

"...mama yuko njiani, na njia nayo imelala."

Ismahan alikuwa anayafuata maneno kwa midomo. "Tena," akasema.

Akaimba tena. Aliujua. Aliujua wote, kila unapopanda na kila unaposhuka. Mtu hajui wimbo hivyo kwa kuusikia mara moja. Alikuwa ameusikiliza, akaupenda labda, halafu akaukata.

Hapo kinyaa kilinipanda mpaka kwenye meno. Koti la kijivu, marashi, na wimbo wa marehemu unatoka kinywani mwa yule aliyeuchoma. Na hatukuwa na kinywa kingine.

"Tena."

Mara ya tatu Ismahan aliimba naye, kisha akaimba peke yake, Khalid akanyamaza. Alipomaliza alichukua simu yake, akasema "ahsante" kwa adabu ile ile aliyoingia nayo, tukatoka. Nyuma yetu nilisikia mgeni mmoja akiuliza, akinyooshea kidole kaseti nyingine, "Na mwisho wa hii kuna nani?"

Nje alimpigia Sabrin, akaicheza ile rekodi yote. Kutoka upande wa pili nikasikia sauti nyembamba:

"Lakini huyu mwanaume ni nani, Isma?"

"Achana na mwanaume," Ismahan akasema. "Shika wimbo."

*

Mutie amebadilisha namba. Wanasema spika yake imesikika upande mwingine wa kaunti. Grupu bado liko, na linaendelea kutuma picha za lebo.

Kwa hivyo wewe unayesoma, kama una kaseti za wazazi na amekuja mtu wa kuzihamisha, usimwachie na kwenda zako, hata akiwa na uso wa huruma namna gani. Beba stuli. Kaa kando yake. Sikiliza na yeye mpaka utepe uishe, kisha urudi nyumbani na kaseti yako mkononi.