Mzambarau Uliofuata Maji

Usiku ule nililala na hasira, na mtu ukilala na hasira usitegemee ndoto ya maana. Kaka yangu Shabani alikuwa ameshampata mtu wa msumeno. Kukipambazuka tu, mzambarau ulio nyuma ya nyumba yetu pale Kilosa uangushwe, basi. Mizizi yake ilikuwa imeingia chini ya chumba cha mama. Udongo wetu ni ule mweusi, masika unavimba, kiangazi unapasuka mpaka mguu unazama, na mwaka huo kona ya chumba ilididimia, ufa ukafunguka ukutani juu kidogo ya kitanda. Ukiweka kiganja pale unasikia upepo.

Mama aligoma kuhama, akagoma na mti kukatwa. "Mkiukata, mnizike na mimi papo hapo," alisema, akatugeuzia mgongo. Chini ya mti ule amelala mtoto wake wa kwanza, ambaye hakufikisha hata arobaini. Zamani kwetu mtoto mchanga hakupelekwa makaburini. Bibi, mama yake mama, alimzika mwenyewe nyuma ya bafu la nje, mahali penye ubaridi wa maji ya kuogea, akapanda mzambarau juu yake. Sisi tuliozaliwa baadaye tulikula matunda yake mpaka ndimi zikabadilika rangi.

Mimi tangu utoto ni mtu wa maswali. Bibi aliniita Bi Kwanini. Usingizi ulinichukua huku najiuliza: mti umesimama pale miaka yote hiyo, mbona ukuta ulikuwa mzima? Kwa nini sasa?

Ndipo nikamwona bibi. Anatoka bafuni, kanga kifuani, maji yanamchuruzika mabegani, na bafu lenyewe lipo, lile la mabanzi tulilolivunja baada ya kumzika yeye. Nilijua kabisa kwamba amekufa. Sikuogopa, nilishangaa tu kuona bado anaogea sabuni ileile ya mche.

"Shikamoo, bibi."

Alininyooshea mkono, kiganja kimejaa zambarau zilizoiva. Nikakumbuka tulivyofundishwa, kwamba marehemu akikupa chakula ndotoni usile, nikaficha mikono mgongoni. Bibi akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Muoga wewe, mke mwenzangu. Haya, shika ndoo."

Ndoo ni tupu lakini nzito ajabu. Tunazunguka nyuma ya bafu, kwenye mfereji ambao maji ya kuogea yalikuwa yakipitia kwenda shinani. Mkavu kau. Bibi anainama, anagusa vumbi, ananionyesha kidole.

"Siku hizi maji ya kuoga mnayamwaga wapi?"

Nataka kumjibu, tena kwa maringo, kwamba tumejenga bafu la ndani lenye vigae, na bomba la maji machafu linapita chini ya sakafu ya chumba cha mama. Nafungua mdomo, na nje hatupo tena. Tupo chumbani kwa mama, mchana, jua linaingia kupitia ule ufa. Mama amelala, lakini ni msichana, nywele nyeusi ti. Sakafu haipo. Chini ya kitanda ni udongo mtupu, na mzizi unatambaa polepole, unapapasa huku, unapapasa kule, kama mtoto anayetafuta titi huku amefumba macho. Natamani kuukanyaga. Lakini natamani zaidi kujua unakwenda wapi, nanyi mnanijua sasa. Napiga magoti. Nasikia tone, halafu tone jingine. Kuna maji yanavuja mahali, na mzizi unayasikia kama ninavyoyasikia mimi.

"Ana kiu," bibi anasema nyuma yangu. "Mmemnyima kwake, amekuja kwa mama yake."

Nageuka nimuulize, sasa tufanyeje? Ameshajifunga kanga vizuri, yuko mlangoni, anaondoka.

"Fuata maji, Bi Kwanini. Mrudishie."

Nikaamka. Mto ulikuwa umelowa machozi na wala sikujua nimelia saa ngapi. Nje kumeshakucha, na msumeno unajaribiwa kuwashwa.

Nilitoka mbio bila viatu. "Zima kwanza! Jamani, zima!"

Shabani alishusha pumzi. "Zaina, leo usianze."

"Tuchimbe kwenye bomba. Tusipokuta kitu, kata, na mimi sitafungua mdomo tena."

"Wewe? Usifungue mdomo?" Nadhani hiyo ndiyo iliyomshawishi.

Tulichimba kando ya ukuta wa chumba. Bomba lilikuwa limeachia kwenye maungio, na ndani yake mizizi myembamba imesongamana kama nywele. Pale maungioni palikuwa na tope, lakini hatua chache pembeni mizizi ilikuwa imefyonza udongo mpaka umesinyaa, na hapohapo ndipo kona ilipodidimia. Shabani alikaa kwenye kifusi, kofia mkononi. Kisha akamwambia mtu wa msumeno apunguze matawi tu. Mzizi ule mmoja tutaukata, tuchimbe mtaro kati ya mti na nyumba, tujenge ukuta wa zege humo ardhini ili mingine isivuke. Na maji ya bafu yarudishwe kule nyuma, upande wa mbali wa mti.

Nilimsimulia mama ndoto yote bila kupunguza neno. Alisikiliza akiwa ameshika ncha ya shuka.

"Alisema amekuja kwa mama yake?"

"Ndiyo, mama."

Aliachia shuka. Halafu akasema atahamia chumbani kwangu mpaka ukuta utengenezwe, ila kwanza tumpe ndoo ya maji. Tulipotaka kumshika mkono alikataa katakata. Alitembea mwenyewe, akipumzika njiani, mpaka pale lilipokuwa bafu, akainama kwenye ule mfereji mkavu, akamimina taratibu.

"Kunywa hapa, baba," alisema. "Usinifuate ndani. Mama yako atakuja mwenyewe kila siku."