Baraza la Nyumba ya Mama

Kwa miaka mingi nilikana kwamba naipenda nyumba ya mama yangu, ile ya matofali mabichi kwenye barabara kuu ya mji wa Baraka. Mbele ya wenzangu wa chuo kikuu niliiita rundo la udongo. Kumbe naipenda, hasa baraza lake, ambako bamama huuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, kivulini.

Basi nilipokuta kamati ya kufufua mtaa imelizungushia baraza uzio wa chuma, damu ilinichemka. Rangi mpya ilipendeza, sikatai. Lakini bamama walikaa juani na masinia yao.

"Banachafua historia, madame," mkuu wa kamati aliniambia.

"Historia gani? Hawa ndio walioendelea kuuza hapa nyinyi mlipokimbia vita!"

Nikaongeza hotuba ndefu ya kisomi. Akapiga miayo.

"Mwenye nyumba alikubali," akasema.

Nikampigia mama huko Kazimia, nikaweka spika, nikamuuliza.

"Mi nilikubali rangi tu," mama akasema. "Ile baraza, baba yako aliijenga ju bamama bapate kivuli. Ambia huyo papa wa kamati atoshe byuma byake kwa baraza leo. Akikataa nitakuja na boti, nitakaa pale na samaki yangu, tuone nani atanifukuza."

"Ndiyo, mama," mkuu akaijibu simu, akawaita mafundi.