Kufuli la Jengo la Kukimbilia

Dada Ros hulala na mtandio kichwani. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia safari ile alitoka kichwa wazi na safari hii hataki. Akioga hafungi mlango, sauti ya redio haipandishi, na mtu akimwaga ndoo ya maji uani ghafla, yeye huyo keshafika barabarani. Sisi wa Lam Bira, kijiji chetu cha pwani, tumemzoea. Tena nani wa kumcheka? Mimi mwenyewe ninayesimulia, Mawarni muuza ndizi za kukaanga, lori la mchanga likipita na vikombe vikatetemeka, huacha ndizi ziungue nikatazama baharini.

Asubuhi ile ya Desemba, baada ya tetemeko, bahari ilipanda nchi kavu ikamchukulia mume na wana wawili. Mdogo, Fadil, alikuwa naye mkononi kwenye ngazi za msikiti. Watu walisukumana, maji yakaingia, mkono ukateleza. Alinisimulia mara moja tu, tukichambua dagaa, na sikuthubutu kuuliza zaidi. Baadaye aliolewa na Syukri, fundi mwashi aliyefiwa na mkewe siku hiyo hiyo, wakampata Nazla. Kifundo cha mkono cha mtoto huyo kina wekundu karibu kila siku, maana Ros hajui kumshika. Humkamata.

Wafadhili walitujengea jengo la kukimbilia bahari ikipanda tena, ghorofa nne za zege zisizo na kuta isipokuwa kwenye ngazi, na juu paa pana ambapo hata helikopta ingetua. Walikata utepe, wakapiga picha, wakala mchuzi wetu wa mbuzi, wakaenda zao. Mbuzi waliosalia wakahamia chini ya jengo. Aliyebaki na kazi ni Ros. Kila Alhamisi alipandisha madumu ya maji safi na kushusha ya zamani, akafagia, akaanika mikeka. Kisha alipita nyumba kwa nyumba kudai konzi ya mchele wa kuweka kwenye pipa la juu. Miaka yote hiyo hakulipwa na mtu, wala hakuomba.

"Dada Ros, leo tena? Mchele wako unaliwa na panya huko juu!"

"Waache wale. Wao angalau wamepanda. Leta mchele."

Kisha likatokea la karanga. Kijana wa kijiji cha jirani na binti wa hapa kwetu walikutwa ghorofa ya tatu, wamekaa wanakula karanga. Karanga tu, naapa, maganda niliyaona kwa macho yangu. Lakini kwetu wawili wasio na ndoa wakijificha pamoja, aibu ni ya kijiji kizima. Teungku Wahab, imamu wetu, mtu mwema mpaka anachosha, akatia lango la nondo kwenye ngazi na kufuli la maana. Ufunguo akautia mfuko wa shati.

Ros alimfuata nje ya msikiti, mbele ya wanaume.

"Teungku, bahari ikija itapiga hodi kwako kwanza?"

"Ros, mwanangu, ardhi ikitikisika nitakuwa hapa hapa. Nitakwenda wapi na magoti haya?"

"Unakwenda sokoni. Unakwenda harusini. Unakwenda kwa wajukuu mjini, unakaa mpaka usiku. Nipe na mimi ufunguo mmoja."

"Nikikupa wewe, kesho ataomba mwingine, na keshokutwa tuna harusi ya karanga."

Wanaume walicheka. Mmoja akasema huenda Dada Ros ana mtu wake wa siri huko ghorofani. Ros hakucheka. Alisimama akiutazama mfuko wa shati la mzee, wala hakuondoka. Akakubaliwa kuazima ufunguo Alhamisi na kuurudisha kabla ya swala ya adhuhuri.

Ardhi ilitikisika Jumatano moja ya Aprili, alasiri, mwaka wa nane tangu ile asubuhi. Mafuta yangu ya kukaangia yaliruka kutoka kwenye karai. Tulikaa chini, barabarani, kwenye majani, kila mtu alipokuwa, tukimtaja Mungu, na ardhi haikunyamaza. Ilikuwa kama kukaa juu ya mgongo wa mnyama anayeamka. Ilipotulia, wenye pikipiki waliondoka wote kwa pamoja, baba mbele, mama nyuma, watoto katikati, na pale njia panda wakakwama, honi juu ya honi. Tusio na pikipiki tulikimbilia kwenye jengo. Syukri alikuwa kazini wilaya nyingine.

Lango lilikuwa limefungwa. Teungku alikuwa mjini kwenye karamu ya shemeji yake.

Mtu alipiga kufuli kwa jiwe mpaka vidole vikatoka damu. Hakuwa amefanya ubahili mzee wetu, kufuli lilikuwa zuri. Nguzo nazo ni nene na laini, hata nyani hapandi. Ros alikuwa mbele kabisa, amebanwa kwenye nondo na Nazla kifuani, sisi nyuma yake tukisukuma bila kutaka kusukuma. Ngazi, watu, mtoto. Nilimwona uso na nikajua yuko msikitini tena.

Bi Ruhamah, mke wa Teungku, ndiye aliyeona. Juu ya lango palikuwa na uwazi, mtu mzima hapiti, mtoto anapita.

"Watoto! Wapitisheni watoto kwa juu!"

"Tutapanda wote," Ros akasema, kwa sauti ya kukwaruza.

"Wote vipi, Ros, na mapaja hayo kama mitungi? Mpitishe mtoto!"

Akampandisha. Nazla akatua upande wa pili, lakini mama yake alikuwa ameshamkamata mkono kupitia katikati ya nondo. Ngazi ile ni nyembamba. Mtoto akisimama pale, wa nyuma yake hana pa kutua, na nyuma yake walikuwa wanafunzi wote wa madrasa, wanalia.

"Ros, muachie!"

"Mama, usiniachie!"

"Ros, unawazibia wenzake, muachie!"

Nilikuwa bega kwa bega naye. Vidole vyake vilikuwa vyeupe. Nilitaka kuvifumbua mwenyewe, na sikuweza, niliogopa mno hata kuinua mkono. Ros akamtazama mtoto wake, akasema, "Panda. Usigeuke." Akafumbua vidole.

Nazla alipanda akipiga kelele. Tukawapitisha wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka watoto wakaisha. Tukabaki sisi, wanawake na vikongwe, lango mbele, bahari nyuma. Tulivua mitandio tukajifunga kwenye nondo maji yasituchukue, Bi Ruhamah nikamfunga mimi. Hakuna aliyetaka kugeuza kichwa.

Ros akaita juu. "Nazla! Unaona nini?"

Ikajibu sauti ya mtoto mwingine, mkubwa kidogo: "Bahari imekwenda mbali. Imeacha matope."

Siku ile ya Desemba pia ilijivuta kwanza, ndipo ikarudi. Mwanamke mmoja alitapika. Mimi nilijikojolea, nasema hivyo hivyo. Ros aliweka paji la uso kwenye chuma, akawa anasema jina la mtoto, na sikuelewa ni yupi kati yao, maana la Nazla na la Fadil alikuwa anayachanganya.

Maji yalirudi. Tuliyasikia kabla ya kuyaona, yakikwaruza. Yalivuka mabwawa ya samaki, yakavuka barabara, yakatufika miguuni yakiwa na kandambili na chupa tupu. Yakapanda mpaka vifundoni. Yakasimama hapo, yakaanza kurudi yalikotoka.

Kabla ya magharibi alitokea mtu barabarani, pekupeku, anakimbia kuelekea baharini huku kila mtu akikimbia kuiacha. Teungku Wahab. Pikipiki alikuwa ameitupa kwenye msongamano. Alitoa ufunguo mfukoni na hakuweza kuulenga tunduni.

"Lete hapa," Bi Ruhamah akamwambia, angali amefungwa mtandio kiunoni. "Hata mlango wa nyumbani hujui kufungua, mzee wewe."

Tulicheka, tukalia. Mzee alikaa chini kwenye matope, akalia kuliko sisi wote.

Ros alipita wa kwanza nami nikamfuata. Juu watoto walikuwa wamekunywa maji ya madumu na kutafuna mchele mbichi wa pipa. Nazla alikuwa pembeni kabisa, mapajani mwa msichana mwingine. Mama yake akanyoosha mkono. Mtoto hakuupokea.

"Kwa nini uliniachia?"

"Ili upande, mwanangu."

"Nilikuita."

"Nilisikia."

"Ulisikia, ukaniachia?"

Ros akaketi pale pale kwenye zege. Nazla aliinuka, akatupita, akashuka peke yake huku ameshika ukuta.

Kesho yake Teungku aling'oa lango kwa nyundo na mikono yake mwenyewe, na tangu hapo kila Alhamisi hubeba dumu pamoja na Ros, akilalamikia magoti. Nazla naye huenda, na chupa yake ya maji, daima hatua chache mbele. Mama yake akinyoosha mkono pale ngazi zinapoanza, mtoto huficha wake nyuma ya mgongo.