Viazi vya Njano na Mbuzi wa Jirani

Miaka ile ya soko huria, maduka ya Handeni yalijaa kila kitu: sabuni za kila rangi, redio, vitenge vya kuchagua. Nami nilikuwa nalilia kitu ambacho hakuna duka lililokiuza, macho ya binti yangu. Mchana anaruka na wenzake vizuri tu, lakini jua likizama, haoni. Alipapasa ukuta akitafuta mlango, akajikwaa kwenye mafiga. Jamani, niliogopa! Niliogopa hata mchana ungemtoka.

Muuguzi wa zahanati alisema mwili wake umepungukiwa vitamini A. Akampa dawa, akanionya kwamba asipopata chakula chenye vitamini hiyo, hali itarudi. Ikarudi kweli. Ndipo bwana shamba akaniletea kutoka Korogwe marando, mashina ya kupanda, ya viazi vitamu ambavyo wataalamu walivizalisha makusudi viwe na vitamini hiyo kwa wingi. Nikapanda. Tukaanza kula matembele yake, kisha tukachimba viazi. Ndani vilikuwa vya njano iliyoiva, kama papai.

Mama mkwe wangu, tuliyeishi naye, alikata kimoja akakisukuma kando.

"Njano tena?"

Miaka ya foleni, maduka yalipokuwa matupu, alikula unga wa njano wa msaada mpaka akaapa hatautia tena mdomoni. "Chakula cha njano ni cha shida. Mjukuu wangu hatakula shida nikiwa hai."

Moyoni nilichemka, ila mama mkwe ni mama mkwe. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, sikuombi uvipende. Nisaidie tu mtoto aone."

Kesho yake nikamkuta anakuna nazi. Muuguzi alisema viazi hivyo vinataka mafuta kidogo, naye akavipika kwa tui zito, huku analalamika kwamba vimelegea, havina unga, vinamchosha. Alilalamika hivyo huku anamjazia mjukuu sahani. Mungu amlipe, kila siku alipika.

Kiangazi kilipokaza, akayahamishia marando nyuma ya bafu, yanywe maji ya kuogea. Akawa anakaa hapo na fimbo, maana mbuzi wa jirani zetu wafugaji waliyapenda kuliko sisi. Wajanja wale! Walijua saa yake ya kuswali.

Jioni moja adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, giza linaingia. Mimi napuliza moto, mama mkwe anatawadha, binti kakaa mlangoni. Mara akapiga kelele.

"Bibi! Mbuzi! Yule mweusi, anakula marando!"

Nikatazama. Mimi mwenyewe sikumwona mpaka alipotikisa kichwa.

Mama mkwe alikurupuka na fimbo yake, maji yanamchuruzika mikononi. Katikati ya uwanja akasimama.

"Umemwonaje?"

"Si yule pale, bibi!"

Fimbo ikamponyoka. Akamkumbatia mtoto, akalia kwa sauti, nami nikalia naye, alhamdulillahi zinatutoka moja juu ya nyingine. Kwa furaha ile nilimsahau mbuzi kabisa. Nilipomkumbuka, nikaokota fimbo nikamfukuze.

Mama mkwe akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Leo ale ashibe."