Sauti Ambayo Papa Gaston Hakuisikia

Asubuhi, kabla hajagusa chombo chochote, Papa Gaston huketi. Kiti chake kilitolewa kwenye lori lililokufa zamani, kikawekwa chini ya bati mbele ya lupango lao, yaani ua wa nyumba yao, karibu na reli. Hapo anakunywa chai kavu na kutazama baiskeli zilizobeba makaa zikielekea sokoni. Ukimsalimia kutoka nyuma, hajibu. Mtaani watu waliamini kwamba hicho ni kiburi cha wafanyakazi wa zamani wa reli. Mimi nilikuwa nimepanga chumba katika lupango hilohilo, na niliamini hivyo pia.

Ujana wake wote aliutumia katika karakana ya magari-moshi. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya injini za dizeli zinazonguruma ndani ya banda la bati na kusema ugonjwa uko wapi. Alisikiliza kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini kwenye sikio. Alisikiliza hivyo mpaka kichwa kikajaa mvi, na katika miaka hiyo yote hakuna mkubwa aliyemletea hata pamba ya kuziba masikio. Nalisema hili waziwazi kwa sababu huku kwetu tumezoea kumsifu mtu kwa uvumilivu wake, tukasahau kuuliza ni nani aliyemlazimisha kuvumilia.

Alipotoka reli alifungua karakana yake mwenyewe, na gari la kwanza kuingia lilikuwa Peugeot 404 ya mzee Hamadi, mfanyabiashara wa vitambaa, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Maniema. Hamadi alikufa, gari likabaki kwa mwanawe Asumani, ambaye hulitumia kuleta samaki kutoka Bukama. Ni gari la rangi ya maziwa, lenye safu tatu za viti, ingawa mbili ziliondolewa zamani ili makapu yapate nafasi. Mji wetu wa Kamina wote unalijua.

Mwaka huu Asumani alichoka kuona gari lake likipitwa na malori kwenye mlima. Binamu yake wa Lubumbashi akamshauri abadilishe arbre à cames, yaani ule mhimili wa ndani wenye matuta yanayosukuma vali zifunguke. Mhimili wa Peugeot 504, alisema, ungefungua vali zaidi na injini ingepata nguvu. Ukafika kwa treni, umeviringishwa ndani ya kitenge kama mtoto. Papa Gaston akaupachika. Gari likavuta kweli. Lakini likaanza kugonga.

"Papa Gaston, hii gari inapiga kelele," Asumani alikuja kusema. "Inafanya tak-tak-tak sawa mashine ya kushona. Bantu banacheka. Banasema minyi niko nabeba fundi wa nguo mu moteri."

Papa Gaston aliweka kiganja juu ya injini inayozunguka, akakiacha hapo kwa muda.

"Haina kitu," alisema. "Arbre ni mupya. Itazoea."

Asumani akaenda Kabondo-Dianda, akarudi.

"Ilizoea kweli," alisema. "Ilizoea kugonga. Papa, minakuheshimu. Baba yangu alikuachia hii gari ku mikono. Lakini Jumamosi niko naenda Bukama kuleta samaki. Kama ingali inagonga, nitaipeleka kwa Fils."

Fils ana karakana kwenye barabara ya kambi ya jeshi, na dawa yake ya kelele za vali ni moja tu: anakaza skrubu mpaka kimya. Mteja anafurahi. Lakini vali iliyokazwa kupita kiasi haifungi sawasawa, moto unapenya pembeni yake, na baada ya safari chache imeungua. Papa Gaston alilijua hilo. Alijua pia kwamba gari la Hamadi likionekana kwa Fils, kufikia Jumatatu mji wote ungekuwa umeshauliza kwa nini.

Mafundi wa Kamina wote hurekebisha vali kwa sikio, injini ikiwa inawaka. Unalegeza skrubu mpaka vali igonge, unakaza mpaka inyamaze, unarudisha kidogo sana, halafu unahakikisha kwa kupitisha wembe wa kunyolea katika ule upenyo. Papa Gaston aliifanya kazi hiyo maisha yake yote. Ila kwa mtu asiyesikia sauti nyembamba, vali inayogonga na vali iliyonyamaza ni kitu kimoja.

Wiki ile nilimwona akifungua na kufunga, akifungua na kufunga, mabega yakizidi kushuka. Alhamisi mchana mkewe, Mama Bijou, alirudi kutoka sokoni na beseni la unga kichwani, akamkuta ameinama juu ya injini, bisibisi mdomoni, mpini umebanwa kwa meno na ncha imegusa chuma.

"Baba Salomé, unataka kula gari?" Salomé ni mtoto wao wa kwanza, na wao huitana kwa jina lake.

Mama Bijou alitua beseni, akazunguka, akazima injini.

"Minasikiliza," Papa Gaston alisema.

"Kwa meno."

"Ku meno minasikia kidogo. Inatetemeka mu kichwa. Najua iko kitu. Sijui iko wapi." Akafuta mdomo kwa mkono wenye mafuta. "Masikio haileti tena kitu, Mama Salomé."

"Unazani sijue? Mwaka wote niko nakujibia bantu ku mulango. Unazani minyi napenda kusema sana vile?"

Papa Gaston akaketi kwenye kiti chake cha lori. "Fils atapata gari ya Hamadi. Kiisha zingine zitafuata. Nani ataleta moteri kwa fundi kiziwi?"

Mama Bijou hakumfariji. Alikuwa amesimama sokoni tangu alfajiri na miguu ilikuwa imemvimba. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia kando ya gari.

"Basi niambie minasikiliza nini."

Papa Gaston akaondoa kifuniko cha juu, akawasha injini tena. Mafuta yakamrukia mama kwenye kitenge. Akatazama doa. Alikuwa na mpini wa bisibisi sikioni. Mume akaweka ncha karibu na vali ya kwanza, akimsoma midomo.

"Hii ni mvua ndogo juu ya bati," mama alisema.

Vali iliyofuata. "Mvua."

Nyingine. "Mvua."

Walipofika upande wa kutolea moshi, karibu na katikati, alikunja uso. "Hapa hapana mvua. Hapa ni muntu anapiga mulango. Na anakasirika."

"Minaingiza wembe. Sema inabadilika ao haibadiliki."

Wembe ukaingia katika upenyo.

"Anapiga polepole. Lakini angali ku mulango."

Papa Gaston akazima. Kama kasoro ingekuwa upenyo, wembe ungeujaza na kelele ile ingekoma. Haikukoma, kwa hiyo ilitoka chini zaidi. Alichomoa fimbo ndefu ya chuma inayosukuma vali ile, akaiviringisha juu ya kioo cha dirisha. Iliviringika bila kuruka, haikuwa imepinda. Chini ya fimbo kilibaki kitu kimoja tu: kikombe kidogo cha chuma kinachokanyagwa na tuta la mhimili.

Akaiweka fimbo mapajani.

"Beseni," alisema.

"Beseni gani?"

"Yako. Ya kufulia."

Katika karakana ya reli vifaa vyote vilioshwa pamoja ndani ya pipa lililokatwa lenye mazutu, yaani dizeli, na kila mtu alirudisha kilichomjia mkononi. Kwenye zile injini kubwa haikuwa na madhara. Visukumio vyake, vilivyo mahali pa vikombe hivi, vina magurudumu. Lakini kwenye Peugeot, kikombe na tuta husuguana uso kwa uso na kuchakaa pamoja. Mhimili mpya unataka vikombe vipya. Yeye aliosha vile vya zamani vyote pamoja katika beseni la mkewe, akavirudisha ovyo juu ya mhimili mpya, kama mikono yake ilivyofundishwa. Na kelele iliyopaswa kumwonya siku ileile ya kwanza, hakuisikia.

"Na nguo zangu zilinuka mazutu," Mama Bijou alisema. "Nilipiga kelele siku ile. Angalau ile kelele yangu ulipaswa kuisikia."

Ijumaa, Asumani alipotoka msikitini, alikuta kichwa cha injini kimelazwa juu ya magunia. Papa Gaston alimpa kikombe kimoja. Uso wa kikombe ulikuwa umechimbika kama kisahani.

"Kosa ni yangu," alisema. "Nilirudisha bile bya zamani. Arbre iko na mikwaruzo kidogo, itapona. Lakini kelele sikuisikia, Asumani. Masikio yangu imekwisha. Mama Salomé njo aliisikia."

Asumani aligeuza kikombe kwenye vidole.

"Minyi nilizani unanizarau," alisema. "Nilikuitaka mu njia, nakuita, nakuita, weye unapita tu. Nilisema, basi, alikuwaka rafiki ya baba, hapana rafiki yangu."

"Sikukusikia."

"Na Bukama?"

"Bukama utapanda lori. Ao peleka kwa Fils."

"Moteri haina kichwa, Papa. Nitaipeleka na nini, na toroli?"

Mama Bijou alicheka peke yake, kidogo, kisha akarudi kwenye unga wake.

Vikombe vipya viliagizwa kwa binamu, na treni ikachelewa, kama treni yetu inavyochelewa bila mtu kuona haya. Asumani alisafiri juu ya lori, akarudi na samaki waliokwisha kulegea, akawauza kwa hasara, na hakuja kulalamika. Vikombe vilipofika, Papa Gaston alivipanga kwenye trei ya mayai, kila kimoja na shimo lake. Beseni la kufulia halikuguswa.

Siku ya kuwasha tulisimama wote. Mama Bijou alipitia vali moja baada ya nyingine, bisibisi sikioni, hana haraka.

"Mvua," alisema. "Yote ni mvua."

"Haiko kimya kabisa," Asumani alisema.

"Isikuwe kimya," Papa Gaston akajibu, maana alikuwa amemtazama midomo. "Ikinyamaza, inaungua."

Asumani akageuka, akamtazama mama, si fundi. "Iko bien, Mama?"

"Iko bien."

"Wafwako," Asumani akamshukuru kwa Kiluba, akapanda, akaondoka. Papa Gaston alikuwa ameona macho ya yule kijana yalikokwenda. Alienda kuosha mikono. Aliiosha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Jumatatu mtu mmoja asiyejulikana mtaani aliingia na Land Rover kuukuu. Hakushuka. Alitoa kichwa dirishani na kusema, kwa sauti kubwa na polepole, kama mtu aliyeelekezwa namna ya kusema:

"Mama Salomé iko?"

Papa Gaston alikuwa kwenye kiti cha lori na kikombe chake cha chai. Alimtazama yule mtu, akatazama barabara ya sokoni, ambako mkewe alikuwa bado amesimama nyuma ya unga.

"Atakuya mchana," alisema. Akaweka kikombe chini, akajiinua kwa shida. "Weka gari mu kivuli. Fungua capot ya moteri, ipoe mbele ya yeye kufika."