Sukuma Wiki ya Mama

Juzi jirani alikuwa akimwagilia nyasi zake kwa mpira, na harufu ya udongo uliolowa ikanirudisha utotoni, mtaani kwetu Nsambya, enzi za utawala wa wanajeshi. Maji yalikuwa haba, na tulikatazwa kumwagilia bustani. Mama akaimwagia sukuma wiki yake maji aliyooshea vyombo. Mpira wa jirani yetu mwanajeshi ulikuwa ukichuruza maji kwenye nyasi tangu asubuhi, lakini ndiye aliyetujia juu.

“Wewe mama, nani napa wewe ruhusa?”

“Ni maji ya vyombo tu, afande.”

“Ng’oa yote!”

Mama akang’oa huku akicheka, afande akitusimamia. Siku hizi nakijua kicheko kile. Siku ile nilidhani ni mchezo, nikang’oa naye, nikicheka kwa nguvu.

“Cheka, mwanangu,” akaninong’oneza bila kuinua uso. “Usiache kucheka.”